Mwanafunzi wa Picha Ugenini

Maneno ya hotuba kwa Waislamu wa Budondo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba macho na akaumba nuru ya kuyaonesha, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. 

Yako masomo ambayo mzazi akisikia kuwa mtoto wake ameyachagua, husema Alhamdulillahi bila ya kuuliza neno la pili. Udaktari ni moja, uanasheria ni la pili, ualimu ni la tatu. Wazee wa Busoga si wageni wa jambo la kuagana na mtoto anayefuata elimu. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale mwaka 1988, wengi wamekwisha kufunga sanduku, wakahesabu nauli, wakasimama kando ya barabara na kusoma dua mpaka gari likapotea machoni. Lakini kijana akisema kwamba amechagua kusomea upigaji picha, nyumba hunyamaza. Baba huuliza kama hiyo nayo ni elimu. Mama huuliza mtoto atakula nini. Jirani, ambaye hakuulizwa, husema kuwa siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, basi ya nini kulipa karo?

Maswali hayo matatu ni ya haki. Kuyadharau ni kuwavunjia heshima waliouliza, na kuyaacha bila majibu ni kumwacha kijana aende ugenini na moyo mzito. Hotuba hii imekusudia kuyajibu moja baada ya moja, kwa kueleza maisha ya mwanafunzi wa picha awapo mbali na kwao, kazi ya macho na mikono yake, na amana ambayo watu humkabidhi, mara nyingi bila wao wenyewe kujua kuwa wamemkabidhi.

Swali la kwanza: je, upigaji picha ni elimu? Jibu lake ni la zamani kuliko kamera yenyewe. Yapata mwaka 965 alizaliwa Basra mwanachuoni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham. Huyu naye alionja ugeni. Wanahistoria husimulia kwamba aliitwa Misri na Khalifa al-Hakim, kwa kuwa alikuwa amesema kuwa yawezekana kuyatawala maji ya Mto Nile, yasizidi mwaka mmoja na kupungua mwaka mwingine. Aliufuata mto mpaka upande wa Aswan, akaona kwamba kazi ile haikuwezekana kwa nyenzo za zama zake, akarudi na kukiri hivyo. Yasimuliwa tena kwamba baadaye alikaa Kairo karibu na msikiti wa Al-Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu vya hesabu na vya elimu ya nyota. Akiwa huko mbali na watu wake aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, kiitwacho Kitab al-Manazir. Humo alionesha kwamba jicho halitoi miale ya kwenda kukigusa kitu, kama walivyodhani wengi wa wakale, bali nuru hutoka penye kitu ikaingia jichoni. Alichunguza pia nuru ipitayo katika tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza, akaeleza jinsi jua lililopatwa linavyoonekana ukutani kwa umbo la mwezi mwandamo.

Kamera zote duniani, za zamani zilizotumia filamu na za sasa zisizotumia filamu, ni chumba kile cha giza kilichofanywa kidogo hata kikabebeka begani. Ulimwengu ulitangaziwa Paris mwaka 1839 namna ya kuikamata nuru hiyo juu ya bamba lisifutike. Lakini mlango wa elimu yenyewe ulikuwa umekwisha kufunguliwa karne nyingi kabla, na mtu aliyekuja mtoni Nile akiwa mgeni. Wenye kuyanywa maji ya mto huo hapa Budondo, karibu na yatokapo ziwani, wana sababu ya kulikumbuka jina lake.

Wala mwanafunzi hasomi historia tu. Husomea kupima. Ndani ya lenzi mna tundu liwezalo kupanuliwa na kufinywa. Likipanuliwa, mwanga mwingi huingia, lakini kilicho karibu na kilicho mbali havionekani wazi kwa pamoja. Likifinywa, vyote huonekana, lakini mwanga hupungua, na kilango cha kamera hupaswa kukaa wazi muda mrefu zaidi. Kilango kikifunguka kwa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 500, mtoto akimbiaye husimama pichani kama jiwe. Kikifunguka kwa sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 30, hata pumzi ya mpigaji yaweza kuitikisa picha. Mambo hayo huchukuana kama mizani, huku pakipanda na kule pakishuka, na mwanafunzi hushinda siku nyingi akikosea kabla mkono haujazoea.

Chukueni mfano mmoja ambao kila mtu wa hapa ameuona. Mzee amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, siku ya Idi, jua la mchana likiwa utosini. Mpigaji asiyefunzwa humsimamisha uwanjani na kubonyeza. Kamera huiona ile kanzu inavyong'aa, ikadhani kuwa mwanga umezidi, ikaupunguza; na picha ikitoka, kanzu ni nzuri, lakini uso wa mzee umekuwa mweusi kama kaa, macho hayaonekani, na aliyekuwa baba wa watu amegeuka kivuli chini ya kofia. Aliyefunzwa hupima mwanga penye uso wala si penye nguo. Humwomba mzee asogee barazani kwenye kivuli chepesi, na pengine humpa mtoto ashike kitambaa cheupe upande wa pili ili kirudishe nuru kidogo shavuni. Hiyo ndiyo elimu: kujua kwamba uso wa mtu una thamani kuliko nguo yake, na kujua la kufanya ili picha nayo iseme hivyo.

Na wala si jambo geni kwa Muislamu kwenda mbali kutafuta ujuzi kisha akaurudisha uwafae wenziwe. Muhammad Sadiq Bey, askari mhandisi wa Misri, alisomeshwa Paris. Alipotumwa Hijazi kwa kazi ya kupima nchi, alichukua kamera pamoja na vyombo vyake vya upimaji, na mwaka 1861 akapiga picha za Madina. Mwaka 1880 akapiga za Makka. Hizo huhesabiwa kuwa picha za kwanza za kamera za miji hiyo miwili. Miaka michache baadaye daktari mmoja wa Makka, Sayyid Abd al-Ghaffar, alijifunza kazi hiyo akaifanya kwa mkono wake, akiwapiga picha mahujaji waliofika kutoka pande nyingi za dunia.

Swali la pili ni la mama: mtoto atakula nini? Hili lafaa kujibiwa bila kulipaka sukari. Mwanafunzi wa picha hula kama walavyo wanafunzi wengine wa ugenini: posho na maharage mchana, na usiku chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, inunuliwayo kando ya njia. Mwenye kusoma Kampala, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa ya Makerere mwaka 1937, yuko kiasi cha kilomita 80 tu kutoka Jinja. Lakini nauli ni nauli, na mara nyingi kilomita 80 huwa sawa na bahari.

Huamka alfajiri, akaswali, akabeba jerikeni kwenda kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu. Kisha hutazama betri ya kamera, maana umeme usiku huenda ulikatika. Ni ajabu kwa kijana wa Budondo kukosa umeme ugenini, hali nyumbani kwao ndiko unakozalishwa; lakini ndivyo ilivyo, na mwanafunzi hujifunza kuchaji betri zake kila apatapo nafasi, hata kwa kinyozi. Kamera nzuri ina bei kubwa, basi wanafunzi wawili au watatu hushirikiana moja. Mmoja huwa nayo asubuhi, mwingine jioni, na anayeichelewesha huwavunjia wenzake siku nzima. Ushirika huo humfunza mtu adabu kuliko mahubiri: kusafisha lenzi kabla ya kuikabidhi, kusema kweli ikiwa imeanguka, kutoizidisha saa aliyopewa.

Walimu hupenda kumrudisha mwanafunzi kwenye filamu walau mara moja, ili ajue asili ya kazi. Filamu ndogo ina nafasi 36 za picha. Ile pana, ipigwayo kwa umbo la mraba, ina 12 tu. Asiyekuwa na zaidi ya picha 12 hafyatui ovyo. Husimama, hutazama, hungoja. Kisha huingia katika chumba cha giza na kuivingirisha filamu kwa kupapasa, haoni hata kidole chake. Huitia katika dawa ya kuitoa picha, akahesabu dakika, akaitia katika dawa ya kuiimarisha, akaiosha kwa maji mengi, akaianika kama nguo. Akikosea joto la dawa au akipunguza dakika, kazi ya wiki nzima hupotea, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Wengi husema kwamba humo gizani ndimo walimojifunza subira.

Na fedha? Siku za Jumamosi na Jumapili mwanafunzi hutafuta arusi. Hubeba stendi ya miguu mitatu nyuma ya mpiga picha mzoefu, hushika taa, hula pilau akiwa amesimama, na kurudi usiku kwa bodaboda na malipo madogo mfukoni. Siku nyingine hukaa studio, akipiga picha za vitambulisho. Kazi hii hudharauliwa, lakini imelisha nyumba nyingi. Mjini Gulu kuna studio iliyoanzishwa mwaka 1973, Gulu Real Art Studio. Mashine ya picha ndogo ilitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne wala hawakuwa na fedha zake. Basi fundi alipiga picha moja kubwa ya mtu aliyeketi, akaikata sehemu ya uso kwa kitambulisho, akakitupa kilichobaki. Mwaka 2011 mpiga picha wa Kitaliana, Martina Bacigalupo, alianza kuyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatundikwa New York watu wakaja kuyatazama. Ni picha zisizo na nyuso: mikono iliyokunjwa mapajani, mtoto aliyepakatwa, gauni lililoshonwa kwa siku kuu, koti aliloazimwa mtu kwa ajili ya dakika ile moja. Kilichotupwa kilisimulia maisha ya watu wa nchi iliyotoka vitani kuliko vile vitambulisho vyenyewe. Mwanafunzi akilijua hilo, hawezi tena kuiona kazi yoyote ya picha kuwa ni duni.

Wengine wamefika mbali kwa njia hiyo. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza kupiga picha akiwa bado mvulana wa shule. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alifungua kampuni yake, Camerapix. Mwezi Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilioneshwa katika televisheni, na dunia iliyokuwa imelala ikaamka. Vyakula na fedha vikatoka nchi nyingi. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege aliyosafiria ilipotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro. Si kila mwanafunzi atakuwa Mohamed Amin, wala si lazima. Lakini asiseme mtu kwamba kazi hii haina heshima, hali wako walioishi kwa sababu Mohamed Amin alisimama mahali akatazama.

Swali la tatu ni la jirani: kila mwenye simu si mpiga picha? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ni kweli, simu hupiga picha, na nyingine hupiga picha safi. Lakini kupiga ni jambo la kitambo. Kuna yanayotangulia na kuna yanayofuata. Linalotangulia ni idhini, na linalofuata ni hifadhi. Mwenye simu aweza kuyasahau yote mawili. Mwanafunzi wa picha hufundishwa kwamba hayo ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza idhini. Ugenini mwanafunzi hupewa zoezi: alete picha 10 zinazoeleza jambo moja bila maneno. Pengine huchagua mchoma chapati wa mtaani. Akifika siku ya kwanza na kamera usoni, mchoma chapati hukasirika, na ana haki. Basi mwanafunzi huiweka kamera mfukoni, hununua chapati, humwamkia, hueleza yeye ni nani na anatoka wapi. Siku ya pili hufika tena. Siku ya nne mwenye jiko ndiye anayemwuliza, "Mbona hupigi?" Picha zipatikanazo hapo haziwi za mtu aliyeshtuliwa, bali za mtu aliyekubali kuonekana. Kisha mwanafunzi huchapa moja akampelekea, kwa sababu sura ni ya mwenyewe, na mpigaji ameazimwa tu.

Adabu hiyo ndiyo inayotakiwa katika nyumba za Waislamu. Wako wasiopenda kupigwa picha, na neno lao latosha. Uko upande wa wanawake katika arusi, ambao mwanamume hafai kuingia na kamera. Kwa sababu hiyo hiyo, jamii inayotaka kumbukumbu za bibi arusi na shangazi zake bila kuvunja stara yahitaji mabinti waliosomea kazi hii. Mzazi amkatazaye binti yake kuisoma, kisha akamwalika mpiga picha mwanamume siku ya arusi ya dada yake, na apime mwenyewe lipi lililo karibu zaidi na heshima. Yako pia mazishi, ambapo kamera hukaa ndani ya mkoba isipokuwa wafiwa wenyewe waiombe. Mwenye simu hutuma uso wa anayelia kwa watu mia kabla chozi halijakauka. Aliyefunzwa hujua kuwa picha nyingine heshima yake ni kutopigwa.

Kuhusu hukumu ya picha yenyewe, si siri kwamba wanachuoni walihitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, hoja yake ikiwa kwamba kamera hukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala haiumbi kitu kipya. Wengine waliikataa, ila kwa dharura kama hati ya safari. Mwanafunzi mwenye shaka na amwendee sheikh wake amwulize, na ajuaye jibu moja asimtukane aliyelishika la pili.

La pili katika jibu la jirani ni hifadhi, na hapa Budondo ni ushahidi kuliko vitabu. Karibu na Jinja palikuwa na maporomoko ya Ripon, aliyoyaona Speke mwaka 1862. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, yalikwisha kuzama. Na hapa penyewe, upande wa Budondo, palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Kelele yake ilisikika usiku. Wageni walitoka mbali kuja kuyatazama, na vijana waliogelea penye povu kujipatia chochote. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yaliyafunika, na mwaka 2012 bwawa hilo lenye uwezo wa megawati 250 lilizinduliwa. Kazi iliyomshinda Ibn al-Haytham huko Aswan imetimia hapa, na manufaa yake hayakataliki. Lakini mtoto aliyezaliwa Budondo baada ya mwaka huo hajui maporomoko yalikuwaje. Huyaona katika picha tu. Na picha nyingi za Bujagali zilipigwa na wageni, zikaenda na wageni. Ni wangapi hapa walio na moja ukutani? Na katika hizo, ni ngapi zinazomwonesha mvuvi wa kijiji, mwanamke aliyefua nguo ukingoni, au mzee aliyezaliwa akiisikia ile kelele?

Hilo ndilo lililo hatarini. Kisichopigwa picha na wenyewe hupigwa na wapitaji, nao wapitaji huona maji, hawaoni majina. Na hata kilichopigwa na wenyewe chaweza kupotea. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935. Alikwenda Los Angeles kusomea upigaji picha, akisaidiwa na Eliot Elisofon, mpiga picha wa gazeti la Life. Akiwa mwanafunzi katika nchi ya watu hakujifungia chumbani: aliwapiga picha Wamarekani weusi waliokuwa wakidai haki zao, kwa jicho la mtu aliyekwisha kuuona ubaguzi wa rangi katika Kenya ya wakoloni. Alirudi Afrika Mashariki wakati wa kupatikana uhuru, akafanya kazi kwa magazeti makubwa, na tarehe 2 Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi katika vita vya Nigeria. Picha zake nyingi zilikaa katika gereji moja Nairobi kwa muda wa miaka kama arubaini, mpaka jamaa wa ukoo wake alipozipata. Miaka arubaini nzima kazi ya mtu huyo ilikuwa ndani ya maboksi, na kipande cha historia ya Afrika Mashariki kilikuwa humo pamoja nayo.

Kwa upande wa Uganda, alikuwako Musa Katuramu wa Ankole, aliyewapiga picha watu wa kwao tangu miaka ya 1930. Negativu zake zimesalia kwa sababu aila yake ilizitunza. Mwaka 2011 ulianzishwa mradi wa History in Progress Uganda, unaozinakili picha za zamani za namna hiyo na kuzionesha kwa watu. Kuna pia Zarina Bhimji, aliyezaliwa Mbarara mwaka 1963. Aila yake iliondoka Uganda mwaka 1974, baada ya amri ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia. Alisomea sanaa Uingereza katika miaka ya 1980, na baadaye alirudi kuitazama nchi aliyozaliwa. Mwaka 2002 alionesha filamu yake, Out of Blue, iliyopigwa Uganda: kuta, vyumba vitupu, uwanja wa ndege, na hakuna mtu anayeonekana. Ugeni ulimfunza kuona kwamba hata ukuta hukumbuka.

Kutokana na hao mwanafunzi hujifunza jambo ambalo kitabu hakimpi. Akiwa nyumbani, haoni cha kupiga: mkeka ni mkeka, shamba la miwa ni shamba la miwa, watoto wa madrasa ni wale wale. Akikaa ugenini mwaka mmoja, kisha akarudi likizo, huona mikono ya mama yake ikisuka mkeka, akatambua kuwa hajapata kuitazama. Huona namna jua la asubuhi linavyoingia dirishani mwa madrasa na kuzigusa mbao za kuandikia. Huona kuwa babu, ambaye ndiye pekee akumbukaye mahali palipokuwa njia ya kuteremkia maporomokoni, amezeeka. Basi ugeni haukumtoa kwao. Ulimpa macho ya kupaona kwao. Na kazi yake iliyo bora mara nyingi huanza siku ile, barazani, si katika mji mkubwa.

Yamebaki machache yawapasayo wenyeji. Kijana wa picha akirudi, msimwulize tu amepata fedha kiasi gani. Mwambieni awapige picha wazee wangali hai, mmoja mmoja, kwa idhini yao, na ayaandike majina. Fungueni masanduku. Kila nyumba ina picha ya zamani ndani ya bahasha, kati ya hati za ardhi na vyeti vya shule. Andikeni nyuma yake kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Wino hupenya karatasi na kuharibu uso wa upande wa pili. Negativu ishikwe kwa kingo, isiguswe katikati kwa vidole. Picha zisiwekwe sakafuni wala zisiegemezwe ukuta wenye unyevu, na zisikae juani. Za simu na za kompyuta zinakiliwe mahali pawili mbalimbali, maana simu ikianguka mtoni hutia maji kumbukumbu zote. Na aliyeazima picha ya mtu kuinakili, aithamini kama aliyeazima shilingi, airudishe kwa tarehe aliyoahidi.

Kwa kijana aliye mbali, neno ni hili. Soma kazi yako mpaka mkono uzoee. Usimpige mtu picha ambayo ungeona haya kumpa mkononi mwake. Uliyoahidi kuleta, lete. Ukipungukiwa na fedha, waandikie wazazi ukweli, usiwaandikie uongo wenye mapambo. Na kwa mzazi: mtoto huyo hakwenda kucheza. Amekwenda kujifunza kushika kitu ambacho mto, wakati na mauti hukichukua kila siku, ili sehemu yake ndogo ibaki kwa watakaokuja. Aliyepewa kazi hiyo amepewa amana, na Qurani Tukufu imewaamrisha waumini kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wa Budondo walio mbali, awape riziki ya halali na macho yenye huruma, na awarejeshe salama kwa wazee wao. Amin. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.